Kesi ya Shilingi Tano: Namna ya Kuitazama The Winslow Boy

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili, niko Dodoma. Rafiki yangu alinionyesha Witness for the Prosecution nikaipenda mno, hasa inavyokugeuka mwishoni. Nikaambiwa sasa nitafute The Winslow Boy ya mwaka 1948, eti hiyo ndiyo filamu ya kesi ya Kiingereza hasa. Nimeitazama mpaka mwisho. Watu wanaongea tu, mahakama yenyewe haionekani sana, na ugomvi wote ni wa shilingi tano. Halafu yule wakili anamkaanga mtoto kwa maswali mpaka analia, kisha anageuka na kusema mtoto hana hatia, kesi anaichukua. Amejuaje? Kisa ni cha kweli? Na wakubwa wetu wanaisifia nini?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Hongera kwa kuimaliza kwanza ndipo ukalalamika. Wengi huizima katikati na bado wanatoa hukumu.

Nadhani kilichokuponza ni ile filamu ya kwanza. Witness for the Prosecution, iliyoongozwa na Billy Wilder mwaka 1957, ni kisa cha Agatha Christie, na visa vya Agatha Christie vinampa mtazamaji kazi ya kubashiri. Nani kaua? Mke anasema kweli au anatunga? Mahakama inakuwa mahali pa kuficha na kufichua. (Kwa taarifa yako, ingawa kila kitu mle kinanukia London, filamu ile ilitengenezwa Hollywood.) Ukaingia kwenye The Winslow Boy na hamu ileile, ukangoja mtu afichuliwe, na hakufichuliwa mtu. Mwizi wa zile shilingi tano hatajwi mpaka mwisho, wala waliotengeneza filamu hawaoni kwamba wanakudai jibu hilo. Kama mtoto aliiba au hakuiba, wakili amelimaliza mapema, tena kwa sentensi moja. Muda wote unaobaki unatumika kwenye swali jingine: huyu mtoto atasikilizwa wapi, na nani, na kwa gharama ya nani?

Turudi kwenye kisa kwa ufupi, ili na wengine wanaosoma wasipotee. Ronnie Winslow, mtoto wa miaka 13 hivi, anasoma Osborne, chuo cha wanamaji cha Uingereza kilichokuwa kisiwa cha Wight. Anatuhumiwa kwamba ameiba postal oda ya shilingi tano ya mwanafunzi mwenzake, akaghushi sahihi, akaenda kuchukua pesa posta. Wazee wetu waliopokea ada kwa postal oda wanakijua kikaratasi hicho. Kwa kizazi chako, fikiria mtu aliyejua namba yako ya siri akatoa pesa kwa wakala kwa jina lako. Chuo kinafanya uchunguzi wake, mtoto hana wakili, hana mzazi, anafukuzwa, na nyumbani inatumwa barua. Baba yake, Arthur, mzee aliyestaafu kazi ya benki, anamwuliza mwanawe kama alifanya. Mtoto anasema hapana. Kuanzia hapo mzee hataki kujua kingine.

Sasa nikupeleke pale ambapo wewe kama mwanasheria ulipaswa kukaa mkao wa kula, ukapapita. Ile vuta nikuvute ndefu ya bungeni, barua za Wizara ya Wanamaji, pilikapilika za maombi: umeziona kama maelezo ya kujaza nafasi. Hizo ndizo filamu yenyewe. Uingereza ya wakati huo haikuruhusu raia kuishtaki serikali kama anavyomshtaki jirani yake. Serikali ilikuwa ya Mfalme, na mahakama zilikuwa za Mfalme; Mfalme hawezi kuitwa kwenye mahakama yake mwenyewe bila ridhaa yake. Njia iliyokuwepo ni kupeleka ombi la haki, na ombi hilo halikwenda popote mpaka liandikwe juu yake maneno manne ya Kiingereza, "Let Right be Done", yaani haki na itendeke. Anayeshauri kama maneno hayo yaandikwe au yasiandikwe ni serikali ileile unayotaka kuishtaki. Mlango una mlinzi, na mlinzi ndiye unayemlalamikia. Ndiyo maana Sir Robert Morton, yule wakili ambaye pia ni mbunge, anatumia nguvu kubwa hivyo bungeni kabla hajasogea mbele ya jaji: anapigania maneno manne.

Usidhani hayo ni mambo ya wazungu wa zamani. Fungua Sheria yetu ya Mashauri dhidi ya Serikali ya mwaka 1967, kama ilivyorekebishwa mwaka 1974. Kwa miaka mingi, Mtanzania aliyetaka kuishtaki serikali alipaswa kwanza kupata idhini ya waziri. Kibali kutoka kwa mdaiwa! Hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 1993, Mahakama ya Rufani iliposema katika shauri la Kukutia Ole Pumbun kwamba sharti hilo linakwenda kinyume na Katiba. Hukumu hiyo utaisoma tu, kama bado hujaisoma. Isome, kisha itazame tena filamu, uone kama zile hotuba za bungeni zitakuchosha. Leo umebaki na notisi ya siku 90 unayoipa serikali kabla ya kuishtaki, ambayo nayo ina manung'uniko yake, ila tuyaache kwa siku nyingine.

Waingereza walioingia sinema mwaka 1948 walikuwa na sababu yao ya karibu. Bunge lao lilikuwa limepitisha sheria mwaka 1947 ya kuruhusu serikali ishtakiwe kwa njia ya kawaida, na ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1948. Yaani mlango ule wenye mlinzi ulikuwa umebadilishwa mwaka uleule filamu ilipotoka. Tena walikuwa wametoka vitani juzi tu, wamezoea kuambiwa na serikali wale kiasi gani na wabebe kitambulisho gani. Hadithi ya mzee mmoja anayeisumbua wizara nzima kwa ajili ya mwanawe iliwagusa mahali panapouma.

Sasa mahojiano. Hapa nitakaa kidogo, maana umeuliza swali zuri: amejuaje?

Kwanza fahamu kwa nini mahojiano yale yapo. Mfumo wa Kiingereza unagawa mawakili mafungu mawili, na mgawanyiko huo sisi hatunao. Desmond Curry, yule mpole aliyekuwa mchezaji kriketi, ndiye wakili wa familia: anaandika barua, anapokea malipo, anaandaa jalada. Morton ni wakili wa kusimama mahakamani, na kesi inamfikia kupitia kwa mtu kama Desmond. Kwa hiyo anapomhoji Ronnie bado si wakili wake. Amekuja kuamua kama jalada alipokee au alirudishe, na wewe umekuwa ukimsikiliza kama wakili wa utetezi aliyerukwa na akili. Hana mteja pale. Ana shahidi asiyemjua.

Tazama anavyomfanyia shahidi huyo. Anaanza taratibu, anauliza saa, anauliza nani alikuwa wapi. Mtoto anajibu, anajichanganya kuhusu muda, anakiri kwamba siku ileile alikwenda posta kununua postal oda yake mwenyewe ya shilingi 15 na peni sita. Anakiri hata lile baya kuliko yote: kwamba aliwahi kufanya mazoezi ya kuiga sahihi ya mwenye ile oda iliyoibwa. Sauti ya Morton inapanda, maswali yanakaribiana, na mwisho anamwita mwongo na mwizi, tena mbele ya familia yake. Mama anashtuka, baba anakasirika. Na Morton, huku akijiandaa kuondoka, anasema mtoto ni dhahiri hana hatia, na kesi ameipokea.

Ukitazama mara ya kwanza unadhani ni mbwembwe. Maelezo yanakuja baadaye sana, anapomfafanulia Catherine, dada yake Ronnie, na nahisi ulikuwa umeshachoka yalipofika. Anasema vitu vitatu vilimtosha. Cha kwanza, mtoto alikubali mambo mengi mno ya kumwumiza. Mwenye hatia angejihami. Cha pili, Morton alimtegea mtego: alimwuliza ghafla yule mwenzake aliiweka saa ngapi ile oda kwenye kabati lake, jambo ambalo mwizi angekuwa na jibu lake. Cha tatu, alimwachia upenyo: alimdokezea kwamba labda aliichukua kwa utani. Mwizi angeukimbilia upenyo huo, maana kosa la utani ni dogo kuliko wizi. Ronnie hakuangukia kwenye mtego, wala hakupita kwenye upenyo.

Irudie sehemu hiyo sasa ukijua majibu haya. Utaona kwamba maswali ya katikati, yaliyoonekana ya hovyo, ndiyo yaliyobeba kazi, na yale ya mwisho yenye kelele ni kifuniko tu. Nilipokuwa nafundisha maswali ya dodoso, yaani yale anayoulizwa shahidi na wakili wa upande wa pili, nilikuwa nawaonyesha wanafunzi sehemu hii mara mbili mfululizo, na mara ya pili darasa linanyamaza lenyewe. Darasani mmefundishwa msimwulize shahidi swali ambalo hamlijui jibu lake. Morton anavunja kanuni hiyo kwa makusudi, kwa kuwa majibu hayamshughulishi sana. Anatazama mtoto anakwenda upande gani akibanwa.

Je, huo ni ushahidi? Hata kidogo. Wakili yeyote wa serikali mwenye akili angesema mtoto mwongo aliyefundishwa vizuri naye hukubali mambo ya kumwumiza ili aaminike. Mwandishi, Terence Rattigan, analijua hilo. Ndiyo maana hoja hizi tatu Morton anamwambia Catherine, hazipeleki kwa jaji. Mahakamani atapambana na mtaalamu wa maandishi ya mkono na mama wa posta aliyeilipa ile oda, kama inavyotakiwa.

Umesema watu wanaongea tu. Ni kweli, na chanzo ni jukwaa. Rattigan aliiandika kama tamthilia, ikaonyeshwa London mwaka 1946, na katika tamthilia ile hutoki nje ya sebule ya akina Winslow. Hakuna jaji, hakuna kizimba. Hata habari za ushindi zinaletwa na Violet, mtumishi wa ndani, aliyekwenda kusikiliza na ambaye hawezi kusimulia kitu bila kuzunguka mbuyu. Ronnie mwenyewe, aliyesababisha yote hayo, saa hiyo yuko zake sinema. Ninampenda sana Rattigan kwa uamuzi huo. Mtoto amekua, ana shule mpya na marafiki wapya. Kesi imebaki kuwa ya watu wazima.

Filamu, kwa kuwa ni filamu, ilibidi itoke nje. Anthony Asquith aliyeiongoza akatuingiza bungeni na mahakamani, akaongeza na vichekesho vya jukwaani kuonyesha jinsi kesi ilivyokuwa gumzo la mji. Maoni yangu ni kwamba sehemu za mahakamani ni nzuri ila hazifikii zile za nyumbani, na vile vichekesho ningevikata bila kusikitika. Kwa hiyo lalamiko lako kwamba mahakama haionekani sana, mimi naligeuza: imeonekana zaidi ya ilivyohitajika.

Maana hesabu ya kesi inafanyika nyumbani. Mzee Arthur anaanza akiwa imara, kisha miguu inamwishia nguvu, fimbo inafuatwa na kiti. Dickie, kaka mkubwa, anatolewa Oxford kwa kukosa ada na kupelekwa kazi ya benki. Uchumba wa Catherine unavunjika kwa sababu baba wa mchumba, kanali wa jeshi, anatishia kumnyima mwanawe posho iwapo ukoo wa Winslow utaendelea kuitia serikali aibu. Wanajadili kumwachisha kazi Violet, na hakuna mwenye moyo wa kumwambia. Mama, Grace, anamwuliza mumewe swali ambalo hakuna wakili aliyeliuliza: haya yote ni kwa ajili ya haki au ni kiburi chako? Filamu haimjibu. Mimi nimeitazama miaka mingi na jibu langu hubadilika kulingana na siku.

Cedric Hardwicke aliyecheza kama baba ni mtu wa kumtazama macho na mikono. Ila anayebeba filamu ni Robert Donat. Alikuwa tayari na Oscar yake ya mwaka 1939, na alisumbuliwa na pumu sehemu kubwa ya maisha yake, jambo linaloshangaza ukisikia anavyoitawala sauti ile. Morton wake ni mtu baridi, mwenye maringo ya nguo safi na maneno machache. Catherine, aliyechezwa na Margaret Leighton, anapigania wanawake wapewe kura, Morton anapinga. Catherine anamwona kama mwanasiasa anayeitumia kesi kuichapa serikali asiyoipenda. Ule mgeuko uliokuwa ukiungojea upo hapa, ila umekuja kimyakimya: Catherine anagundua kwamba Morton alipewa nafasi ya Ujaji Mkuu akaikataa, kwa sababu angeipokea angelazimika kuiacha kesi ya mtoto. Hakumwambia mtu. Na anapojua kwamba siri imetoka, anaona haya kama amekamatwa akifanya kosa. Tazama uso wa Donat hapo. Waingereza wa aina ile wanaficha wema kama wengine wanavyoficha aibu, na bila kuujua utamaduni huo utadhani mwigizaji kalala.

Umeuliza kama ni kisa cha kweli. Ni cha kweli kwa uti wa mgongo wake. Mtoto aliitwa George Archer-Shee, alifukuzwa Osborne mwaka 1908 kwa tuhuma ya postal oda ya shilingi tano, na baba yake alifanya kazi ya benki. Wakili alikuwa Sir Edward Carson, yuleyule aliyemhoji Oscar Wilde mahakamani mwaka 1895. Serikali ilianza kwa hoja utakayoitambua mara moja: pingamizi la awali, kwamba mwanafunzi wa jeshi la majini hana haki ya kumshtaki Mfalme, hivyo shauri lisisikilizwe kabisa. Ilishinda hatua ya kwanza. Mahakama ya Rufani ikasema ukweli wa mambo usikilizwe kwanza. Shauri lilipoanza kusikilizwa Julai 1910, Carson alimhoji mama wa posta kwa upole wa ajabu mpaka ikaonekana kwamba hakuwa na hakika: alikuwa akihudumia huku akikatizwa na kazi nyingine, na vijana wale waliovaa sare moja walifanana machoni pake. Siku ya nne, tarehe 29 Julai, Sir Rufus Isaacs kwa niaba ya serikali akatangaza kwamba wanakubali kijana hakuiba. Fidia ilichelewa mpaka mwaka 1911, ikafika pauni 7,120 pamoja na gharama za kesi.

Rattigan aliisogeza hadithi mbele kidogo, ikawa ukingoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, ili watu ndani ya filamu waseme kwamba taifa lina mambo makubwa kuliko shilingi tano za mtoto. Mtazamaji wa 1948 aliyeikumbuka kesi alisikia maneno hayo kwa uchungu wa pekee. George Archer-Shee aliuawa vitani Ypres, Ubelgiji, tarehe 31 Oktoba 1914, akiwa na miaka 19. Baba yake alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla.

Na kuna jambo moja kuhusu mwongozaji ambalo huwa nawaambia watu baada ya kutazama, si kabla. Anthony Asquith alizaliwa mwaka 1902. Baba yake ni Herbert Henry Asquith, Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia Aprili 1908 mpaka 1916. Serikali iliyomfungia mlango yule mtoto ilikuwa serikali ya nyumbani kwao. Ukiwatazama mawaziri wa filamu ile utaona si majambazi wala wapumbavu. Ni watu wenye adabu, wenye shughuli nyingi, ambao hawaoni kwa nini wasumbuliwe. Nafikiri mtu aliyekula chakula meza moja na watu wa namna hiyo tangu utotoni ndiye aliyeweza kuwachora hivyo.

Mwisho, usiitazame tena kesho. Kaa wiki mbili, soma hukumu ya Ole Pumbun, kisha tafuta nakala yenye maandishi chini, kwa sababu Kiingereza chao ni cha haraka na nusu ya utamu uko kwenye vishazi vya pembeni. Ukishaipenda, iko nyingine ya mwaka 1999 iliyoongozwa na Mmarekani David Mamet, Jeremy Northam akiwa wakili na Nigel Hawthorne akiwa baba. Hiyo ni kavu zaidi, na mahakamani haikufikishi kabisa. Itakutesa, lakini mahojiano yake yanafaa kulinganishwa na ya Donat swali kwa swali. Mle ndani mwangalie vizuri yule waziri wa wanamaji anayeikataa kesi: ni Neil North, aliyecheza Ronnie mwaka 1948.